Tundu la Simu Ukutani: Faksi na Laini Isiyoguswa

Printa yenye faksi hutoka kiwandani ikiwa na waya mwembamba, plagi ndogo ya plastiki kila upande, na kijitabu ambacho ndani yake nchi za dunia zimegawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza ni la nchi ambazo vifaa vya simu huungwa sambamba, yaani vyote hushiriki nyaya zilezile mbili. Kundi la pili ni la nchi ambazo vifaa huungwa mfululizo, kimoja nyuma ya kingine, na cha mbele kinaweza kukikatia laini cha nyuma. Mnunuzi hukuta Marekani huku na Ujerumani kule, kana kwamba umeme wa simu hubadilika ukivuka mpaka. Haubadiliki. Kinachobadilika ni tundu la ukutani, na tundu hilo lilichongwa na sheria kabla ya kuchongwa na fundi. Umbo lake katika kila nchi ni jibu la swali moja la zamani: nani ana ruhusa ya kugusa laini ya simu?

Umeme wenyewe umebaki uleule tangu betri zilipoondolewa majumbani mwa wateja na kuwekwa katika kituo cha simu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Nyaya mbili za shaba hutoka kituoni zikiwa na mkondo mnyoofu wa volti 48 hivi. Upande wa chanya ndio uliofungwa ardhini, kwa sababu shaba iliyo hasi dhidi ya udongo hailiwi upesi na unyevu. Mkonga wa simu ukiwa umelala mahali pake, hakuna mkondo unaopita. Ukiinuliwa, mzunguko hufungwa, mkondo wa milliampia makumi kadhaa hupita, na volti kwenye soketi hushuka hadi karibu 10 au chini yake. Mtu akipiga, kituo hutuma juu ya nyaya hizohizo mkondo geu wa volti kati ya 75 na 90, wa hezi 20 huko Marekani na 25 huko Uingereza, ili kengele ilie. Fundi aliyewahi kushika nyaya tupu wakati simu inaita hahitaji kuelezwa kwamba laini ya simu nayo hupiga shoti.

Faksi, au nukushi kama barua za ofisi nyingi zilivyozoea kuiandika, ni kongwe kuliko simu. Alexander Bain, fundi saa wa Scotland, alipata hataza ya kunakili maandishi kwa telegrafu mwaka 1843, miaka 33 kabla ya Alexander Graham Bell kupata hataza ya simu. Padri wa Italia, Giovanni Caselli, aliifikisha fikra hiyo sokoni: mwaka 1865 mashine yake, iliyokuwa ndefu kuliko mtu mzima, ilianza kuhudumia wateja kati ya Paris na Lyon, na wenye benki waliitumia kuthibitisha saini. Karne iliyofuata magazeti yakaichukua. Shirika la habari la Associated Press lilianzisha huduma yake ya picha kwa waya tarehe 1 Januari 1935, kwa kukodi laini maalumu za kampuni ya AT&T. Katika hatua zote hizo nukushi ilisafiri kwenye waya wake yenyewe, uliolipiwa na kulindwa. Haikuwa na sababu ya kugombana na simu ya nyumbani. Ugomvi ulianza pale ilipotaka kupita kwenye laini ya kawaida, ile inayolala kimya ukutani ikisubiri shangazi apige.

Kwa miaka mingi laini hiyo haikuwa na tundu. Waya ulitoka ukutani ukaingia moja kwa moja kwenye simu, ukafungwa kwa skrubu ndani ya kisanduku kidogo, na simu yenyewe ilikuwa mali ya kampuni au ya Posta. Mteja aliikodi. Kuihamisha kutoka sebuleni hadi chumbani kulihitaji fundi aliyetumwa na mwenye mali. Mahali pachache tu, kama hotelini au katika nyumba za matajiri, paliwekwa soketi za kuchomekea simu ya kuhamishika. Marekani ilikuwa na moja kubwa yenye matundu manne kwa ajili hiyo. Lakini hata hizo zilikuwa za kampuni, kwa simu za kampuni. Tundu halikuwa mlango wa mteja.

Nchini Marekani katazo hilo liliandikwa wazi katika masharti ya huduma ya AT&T: hakuna kifaa kisichotolewa na kampuni kitakachounganishwa na mali yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Kifaa kibovu kingeweza kurudisha umeme wa nyumba kwenye laini na kumdhuru fundi aliye juu ya nguzo, au kuharibu mitambo ya kituo. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, ila ilitumika pia kulinda mapato, na kesi iliyolifichua jambo hili ilikuwa ya kifaa kisicho na umeme hata kidogo. Hush-A-Phone kilikuwa kikombe tu cha kubanwa kwenye mkonga ili mzungumzaji asisikiwe na walio chumbani. AT&T ilidai hata hicho ni kitu cha kigeni kwenye mtandao wake. Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho ilikubaliana nayo mwaka 1955. Mwaka 1956 Mahakama ya Rufaa jijini Washington ikaitengua hukumu hiyo, ikisema mteja ana haki ya kuitumia simu yake kwa namna inayomfaa ilimradi hawadhuru wengine.

Mlango ulifunguliwa upana wa kikombe tu. Aliyeupanua ni mfanyabiashara wa Texas, Thomas Carter, aliyeuza kifaa kilichoitwa Carterfone kwa watu wa visima vya mafuta na wenye ng'ombe. Mkonga wa simu uliwekwa juu yake, nacho kikapeleka sauti kwenye redio ya gari lililo mbali porini. Hakikugusa waya hata mmoja, lakini AT&T iliwatishia wateja wake kuwakatia simu. Tarehe 26 Juni 1968 Tume iliamua kwamba katazo zima la vifaa vya kigeni halikuwa la haki. Kuanzia hapo mteja aliruhusiwa kuunganisha kifaa chake, mradi hakidhuru mtandao.

Wakati kesi hizo zikiendelea, nukushi ilikuwa imejitafutia njia ya panya. Mwaka 1964 mwanafizikia kiziwi, Robert Weitbrecht, alifanikiwa kuziunganisha mashine za kupiga chapa za telegrafu kwa njia ya simu ili viziwi waandikiane. Kwa kuwa hakuruhusiwa kugusa waya, alitumia sauti: mkonga ulilazwa juu ya kifaa chenye kipaza sauti na kinasa sauti, na herufi zikasafiri kama milio. Njia hiyohiyo ilitumiwa na Xerox ilipotoa Magnafax Telecopier mwaka 1966, mashine ya kilo 21 hivi iliyochukua dakika sita kupeleka ukurasa mmoja wa barua. Mtumiaji alipiga namba, akasikia mlio, akalaza mkonga katika vikombe viwili vya mpira, kisha akaomba Mungu pasiwe na mtu wa kugonga meza. Kila kelele ya chumbani ilichapishwa kama doa kwenye karatasi upande wa pili. Kiufundi ulikuwa mpango duni. Kisheria ulikuwa salama kabisa, kwa maana hapakuwa na waya uliounganishwa na waya.

Baada ya 1968 AT&T haikuachia kirahisi. Ilikubali vifaa vya watu, lakini ikadai kila kimoja kipitie kisanduku cha kinga kilichotengenezwa na kukodishwa nayo yenyewe kwa malipo ya kila mwezi. Malalamiko yakajaa mezani kwa Tume, ambayo kuanzia 1975 ilitunga utaratibu wa kusajili vifaa, uliokuja kujulikana kama Sehemu ya 68 ya kanuni zake. Kampuni za simu ziliupinga mahakamani, zikashindwa, na mwaka 1977 ukaanza kufanya kazi kwa ukamilifu. Fikra yake ilikuwa rahisi, na ndiyo iliyozaa soketi ya kisasa: kinga isiwe kisanduku ukutani, iwe ndani ya kifaa chenyewe, ipimwe kabla ya kuuzwa. Madhara ya kuzuiwa yalitajwa manne, nayo ni umeme wa hatari kwa wafanyakazi wa simu, uharibifu wa mitambo, kuvuruga mashine za kutoza malipo, na kuharibu huduma ya wateja wengine.

Hilo la malipo lina alama yake hadi leo. Mitambo ya zamani ilihitaji muda mfupi baada ya simu kupokelewa ili kuandika kwamba hesabu imeanza, hivyo kifaa cha data kilitakiwa kunyamaza kwa sekunde mbili za kwanza. Taratibu za kimataifa za nukushi zina ukimya wa namna hiyohiyo: mashine inayopokea huinua laini, hukaa kimya karibu sekunde mbili, ndipo hutoa mlio wake wa hezi 2100. Anayesikiliza huweza kudhani mashine imelala.

Pamoja na usajili huo ilikuja plagi ndogo ya plastiki yenye ulimi wa kubonyeza, iliyobuniwa katika maabara za Bell na kuanza kuonekana majumbani katika miaka ya 1970. Mpangilio wake wa nyaya ukapewa namba za usajili, na namba iliyozoeleka zaidi ni RJ11: nafasi sita, nyaya mbili za katikati ndizo laini. Ndani ya ukuta wa nyumba ya Kimarekani nyaya hizo kwa desturi ni nyekundu na kijani. Njano na nyeusi ni za laini ya pili, ikiwapo. Soketi ikiwa na laini mbili huitwa RJ14, na kwa macho haitofautiani na RJ11. Kila kifaa kilichosajiliwa kilibandikwa namba ya uzito wa kengele yake, na jumla ya vifaa vyote kwenye laini moja haikutakiwa kuzidi tano, la sivyo umeme wa kengele ungegawanyika hadi simu zote zinyamaze. Soketi zote za nyumba ziliungwa sambamba. Huo ndio urahisi wa Marekani, na ndiyo kasoro yake pia, kwani mtu akiinua mkonga jikoni wakati nukushi inapokea ukurasa ofisini, ukurasa huharibika.

Kwa vifaa ambavyo havikuweza kuvumilia jambo hilo, kama kengele za wezi, Marekani ilitengeneza soketi nyingine, RJ31X, ambayo plagi ikichomekwa laini yote ya nyumba hupita kwanza ndani ya kifaa. Kifaa kikihitaji kupiga, hukata simu nyingine zote. Australia nayo ilikuwa na soketi ya aina hiyo kwa kengele na vifaa vingine vya kipaumbele, pamoja na soketi yake ya kawaida yenye mapengo matatu bapa. Kilichokuwa cha pekee katika nchi hizo ndicho kilichokuja kuwa cha kawaida Ujerumani.

Japani ilifungua laini zake za simu kwa nukushi na data mwaka 1972, na huko mashine hii ilipata makao yake ya kweli. Lugha inayoandikwa kwa maelfu ya herufi haikufaa kwa teleksi. Picha ya ukurasa ulioandikwa kwa mkono ilifaa. Viwanda vya Japani vilikuwa mstari wa mbele wakati taratibu za kimataifa zilipokuwa zikiandikwa. Taratibu za kundi la kwanza, za 1968, zilichukua dakika sita kwa ukurasa. Za pili, za 1976, dakika tatu. Za tatu, za 1980, dakika moja au pungufu. Kundi la tatu ndilo lililoijaza dunia nukushi, na printa ya leo bado hutumia taratibu zake. Ukurasa ulipoanza kwenda kwa dakika moja, vikombe vya mpira havikuwa na nafasi tena. Kila mtu alitaka tundu.

Uingereza ililipata mwaka 1981. Sheria ya mwaka huo iliitenga British Telecom na Posta na kuruhusu wateja kununua vifaa vyao wenyewe, na Novemba ya mwaka huohuo soketi mpya zikaanza kuwekwa. Plagi yake inafanana kidogo na ya Marekani lakini ulimi wake uko ubavuni, na haiwezi kuingia kwenye tundu la Kimarekani. Vifaa vilivyoruhusiwa vilibandikwa duara la kijani. Vile visivyoruhusiwa kuunganishwa viliuzwa kihalali vikiwa na pembetatu nyekundu, mtindo wa Kiingereza kabisa wa kuuza kitu na kukikataza kwa wakati mmoja. Uzito wa kengele haukutakiwa kuzidi nne.

Waingereza walifanya jambo jingine ambalo hadi leo huwatatiza wenye printa. Katika simu za zamani kila kengele ilikuwa na kapasita yake, na mtu alipozungusha namba kwenye simu moja, kengele za simu nyingine zilitoa mlio mdogo mdogo. Ili kuzuia hilo, wahandisi waliweka kapasita moja ya mikrofaradi 1.8 ndani ya soketi kuu ya nyumba, wakatoa kutoka hapo waya wa tatu, wa kengele tu, kwenda kwenye soketi nyingine zote. Simu ya Kiingereza ya enzi hizo hailii bila waya huo. Printa ya kigeni haiuhitaji, kwa sababu husikia kengele kwa nyaya mbili. Lakini simu ikichomekwa nyuma ya printa kwa adapta ya kawaida hukosa waya wa tatu, nayo hukaa kimya ingawa mazungumzo hupita vizuri. Dawa yake ni adapta yenye kapasita ndani. Aidha, waya wa Kiingereza wenye plagi ya Kimarekani upande mmoja haukupangwa kwa namna moja na kila mtengenezaji: wengine waliiweka laini kwenye nyaya mbili za katikati, wengine kwenye zile zinazofuata nje. Waya ulioazimwa kutoka kwa mashine moja kwenda nyingine unaweza kuingia vizuri, ukabana vizuri, na usipitishe chochote. Ndiyo maana watengenezaji husisitiza kutumia waya uliokuja ndani ya boksi.

Ujerumani ilichelewa, na kuchelewa kwake ndiko kunakoeleza soketi yake. Deutsche Bundespost ilishikilia ukiritimba wa simu kwa nguvu ya sheria. Kuunganisha modemu isiyoidhinishwa lilikuwa kosa la jinai. Mwaka 1985 wapenzi wa kompyuta wa Chaos Computer Club walichapisha mchoro wa modemu ya kujitengenezea iliyoitwa Datenklo, ambamo mkonga wa simu ulishikwa na mipira ya mabomba ya choo. Kejeli ilikusudiwa. Miaka kumi na saba baada ya Carterfone, raia wa nchi iliyoendelea kuliko nyingi kiviwanda alikuwa bado analaza mkonga juu ya mpira ili asivunje sheria.

Soketi iliyoletwa na Bundespost katika miaka ya 1980, TAE, ilibeba fikra ya taasisi inayotaka kujua ni nini hasa kimechomekwa. Ina miguu sita na funguo mbili za plastiki. Ufunguo wa F ni wa simu. Wa N ni wa visivyo simu, yaani nukushi, modemu na mashine ya kupokea ujumbe. Plagi ya N haiingii kwenye tundu la F, wala ya F kwenye la N. Soketi iliyoenea ina matundu matatu, N, F, N, na ndani yake laini haigawanywi sambamba bali hupita mfululizo: kwanza kwenye matundu ya N, mwisho kwenye F. Tundu la N likiwa tupu, swichi ndogo hupitisha laini moja kwa moja. Plagi ikiingia, swichi hufunguka, laini huingia ndani ya nukushi kwa miguu miwili na kurudishwa ukutani kwa mingine miwili, ndipo iendelee hadi kwenye simu. Nukushi ikianza kazi huikata simu kabisa, na hakuna wa jikoni wa kuharibu ukurasa.

Ni mpango mzuri kuliko wa Marekani kwa kila kipimo cha uhandisi, na ni mgumu kwa mgeni. Mtu akinunua adapta ya bei rahisi yenye umbo la N na kuchomeka printa kwa waya wa nyaya mbili, nukushi itafanya kazi, ila simu iliyo kwenye F itakufa, kwa sababu laini imeingia kwenye printa na haina njia ya kurudi. Wengi wamemwita fundi kwa tatizo hilo ilhali laini haikuwa na ugonjwa wowote. Soko la vifaa lilifunguliwa Ujerumani mwezi Julai 1990, lakini soketi ilibaki.

Nchi nyingine za Ulaya zilichonga matundu yao. Ufaransa ilikuwa na plagi yenye umbo la herufi T, ambayo mgongoni mwake plagi nyingine ingeweza kupandishwa, na ya tatu juu ya hiyo. Italia ilitumia plagi kubwa ya miguu mitatu, Sweden na Uholanzi za miguu minne. Umoja wa nchi hizo ulitoa mwaka 1988 agizo la kuondoa ukiritimba wa vifaa, mwaka 1998 ukakubaliana juu ya kipimo kimoja cha vifaa vya laini za kawaida, na mwaka 1999 ukaondoa idhini za nchi mojamoja. Mashine moja ikaweza kuuzwa kutoka Lisbon hadi Helsinki. Matundu hayakubadilishwa, kwani kubadilisha sheria kulihitaji karatasi, na kubadilisha matundu kungehitaji kuingia katika mamilioni ya sebule. Kilichobadilika ni boksi la printa, lililoanza kujaa adapta.

Afrika Mashariki ilifuata desturi ya Posta ya Uingereza. Simu za Kenya, Uganda na Tanzania ziliendeshwa na shirika moja la posta na simu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kisha kila nchi ikaunda lake, na mteja aliendelea kupata laini na simu kutoka dirisha lilelile. Mgawanyo kati ya anayetoa huduma na anayeidhinisha vifaa ulikuja na sheria za miaka ya 1990: Tanzania mwaka 1993, Uganda 1997, Kenya 1998. Tume zilizoundwa zilichukua kazi ya kuidhinisha vifaa vinavyouzwa, kazi ambayo Marekani iliianza kwa Sehemu ya 68. Kipindi hicho ndicho hasa cha nukushi katika ofisi za kanda hii, na hakikudumu, kwa kuwa simu za mkononi zilifika kabla laini za shaba hazijaenea. Vifaa vililetwa kutoka pande zote, na plagi ya Kiingereza na ya Kimarekani zikakutana katika jengo moja.

Ndani ya printa yenyewe historia hizo mbili zimekaa pamoja. Mgongoni huwa na matundu mawili: moja la laini, lililoandikwa LINE au namba 1, na jingine la simu ya ziada, lililoandikwa EXT au namba 2, ambalo huja limezibwa kwa kizibo. Tundu la pili limeungwa mfululizo kwa mtindo wa Kijerumani: printa ikianza kazi, huikata simu iliyo nyuma yake. Katika nchi za soketi sambamba, njia salama ni waya wa laini kutoka ukutani hadi tundu la kwanza, kizibo kitolewe, na simu au mashine ya kupokea ujumbe ichomekwe kwenye la pili. Katika nchi za soketi mfululizo kizibo hubaki, na simu hurudi ukutani kupitia soketi au adapta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Penye intaneti juu ya laini ileile ya shaba, kichujio huwekwa kati ya ukuta na printa, kabla ya kitu kingine chochote upande wa simu.

Unene wa waya nao una sababu. Vijitabu vya Marekani huagiza waya wa simu usiopungua kipimo cha 26, yaani kipenyo cha shaba cha milimita 0.4 hivi. Sauti haihitaji unene huo. Unahitajika siku ambayo waya wa umeme mkubwa umeangukia waya wa simu barabarani: waya mwembamba mno ungewaka moto zuliani kabla kinga ya laini haijafanya kazi. Radi nayo huingia kwa njia hiyohiyo, na kinga iliyo mlangoni mwa nyumba hupunguza pigo bila kulimaliza. Kwa sababu hiyo soketi haifunguliwi wala nyaya zake kuguswa wakati wa radi, na kuchomoa plagi hufanywa kabla mawingu hayajafika.

Hatari nyingine imejificha katika kufanana. Plagi ndogo ya simu huingia ndani ya soketi pana ya mtandao wa kompyuta, na huweza kuipinda miguu ya pembeni. Katika ofisi na hoteli zenye mtambo wake wa simu wa kidijitali, soketi ya ukutani ina umbo lilelile la RJ11 lakini volti na mkondo wake ni tofauti, na katika miaka ya 1990 wasafiri wengi waliunguza modemu zao kwa kuchomeka bila kuuliza. Vipimo vidogo vyenye taa viliuzwa kwa ajili yao. Katika jengo la namna hiyo printa huhitaji laini ya kawaida iliyotengwa kwa ajili ya nukushi, na msimamizi wa mtambo ndiye ajuaye iko soketi gani.

Laini hiyo ya kawaida sasa inaondoka. Uingereza imepanga kuufunga mtandao wake wa zamani wa simu Januari 2027, na Ujerumani imekwisha kuwahamishia wateja wake kwenye intaneti. Milio ya nukushi haipendi njia hiyo. Sauti ikibanwa ili isafiri kwa uchache wa data, masikio ya binadamu husamehe, ila mashine haisamehi. Taratibu za T.38 zilitungwa mwaka 1998 ili kuutoa ukurasa katika milio na kuusafirisha kama data, na hufanya kazi pale ambapo kila mtambo wa njiani unazikubali. Printa sasa huchomekwa kwenye kisanduku cha intaneti, ambacho nchini Ujerumani mara nyingi bado kina tundu la TAE ubavuni. Kisanduku hicho hutoa volti zake chenyewe, pamoja na zile za kengele. Mtu akitaka kukitumia kulisha soketi za zamani za nyumba, nyaya zinazotoka barabarani hutenganishwa kwanza, kwani tundu lake la simu likikutana na laini hai ya kituo, kisanduku ndicho kinachoungua.